Mkono wa Sokomutu: Habari za Nyama ya Pori katika Kasongo na Kabambare

Wengi huanza habari za zamani kwa wafalme na vita. Sisi leo tutaanza kwa sahani.

Miaka kadha iliyopita tulikwenda kwa baiskeli mpaka kijiji kimoja cha upande wa Kabambare, ng'ambo ya mto Luama, kuwatayarisha watu kwa Ubatizo. Padri alifika siku ya pili, watoto wakabatizwa, nyimbo zikaimbwa, na baada ya Misa wazazi wakatuandalia karamu kama ilivyo desturi. Palikuwa na bugali wa muhogo, palikuwa na sombe iliyotiwa mawese, na katikati palikuwa na sufuria kubwa ya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mama mmoja akatupakulia kipande cha heshima, kwa sababu sisi ni mwalimu na tumetoka mbali. Tulipokigeuza tukaona vidole vitano, na kucha zake, na kidole gumba kimekunjwa kama cha mtoto alalaye.

Tulitambua mara moja. Ulikuwa mkono wa sokomutu.

Karibu nasi aliketi mzee wa kijiji. Yeye alikula bugali na sombe tu. Tukamwuliza, «Baba, mbona huli nyama?» Akajibu pole pole: «Mwalimu, ninyi makatekista mlitufundisha kwamba miiko ya mababu ni ujinga. Vijana wamesikia. Mimi ni mzee, sikubadilika upesi. Katika ukoo wetu huyu hatumli. Huyu alikuwa mtu.»

Basi sisi, kwa kuwa tulikuwa na masomo ya seminari kichwani, tukamkumbusha yale Bwana wetu aliyosema juu ya kitu kiingiacho kinywani mwa mtu. Mzee hakubisha. Akasema: «Nimesikia, mwanangu. Lakini nilipokuwa kijana walipiga kelele mlimani pale kila alfajiri. Sasa sikiliza.» Tukasikiliza. Tulisikia jogoo, na redio ya jirani, basi.

Mtatuuliza, je, mlikula? Tulikula. Hatutaki kuficha. Lakini neno la mzee lilitufuata njia nzima mpaka Kasongo, na tangu siku ile tumekuwa tukiuliza wazee na kusoma vitabu ili tujue jambo hili lilianzaje katika nchi yetu. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaandikia.

Kwanza habari za Livingstone. Wengi wamesikia jina lake shuleni, lakini si wengi wajuao kwamba Mskochi huyu alikaa siku nyingi kwetu Kabambare. Yeye aliandika Bambarre. Alifika huko katika Septemba 1869, akiandamana na wafanya biashara wa pembe waliotoka pwani. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza humo siku nyingi. Hakuwa na karatasi za kutosha, hata akafika kuandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya mti. Alisoma Biblia nzima mara nne akiwa katika Manyema. Mgonjwa asiyeweza kutembea huangalia sana mambo yanayopita mlangoni pake, na kwa hiyo aliandika mengi juu ya watu wetu na wanyama wetu.

Tarehe 24 Agosti 1870 aliandika kwamba siku iliyotangulia wawindaji walikuwa wameua masoko wanne. Msifikiri masoko ya kuuzia vitu. «Soko» ndilo jina alilolisikia kwa mnyama huyu, na ndilo lililobaki katika neno letu sokomutu, na katika neno sokwe la wenzetu wa Tanzania. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama ni gorila au mnyama mwingine. Wengi waliosoma maandiko yake hukata kwamba alikuwa sokomutu. Watu walichoma majani ya mbuga, moto ukawatoa wanyama msituni, wakachomwa kwa mikuki uwanjani. Tena akaandika kwamba nyama yake iliwapendeza watu kula.

Lakini yako mengine katika kurasa zile zile. Aliandika kwamba watu wa Manyema husema soko ni mtu, wala hana ubaya. Aliandika kwamba wengine huamini wafu waliozikwa hufufuka wakiwa masoko, na kwamba mmoja aliuawa akaonekana ana matundu masikioni, kama yale ya watu. Tena mfanya biashara mmoja alimpa Livingstone soko mchanga, wa kike, naye akamsifu kwamba hunyosha mkono ili abebwe kama mtoto.

Tuliposoma haya tulishangaa. Kumbe miaka zaidi ya 150 iliyopita, katika nchi ile ile ya mzee wetu, wawili walikuwapo tayari: yule anayemla sokomutu na yule anayesema kwamba ni mtu. Si kweli basi kwamba mababu wote waliwala wanyama bila kufikiri, na Wazungu wakaja kutufundisha huruma. Wala si kweli kwamba mababu wote waliwalinda wanyama, kama wanavyosema siku hizi watu wa semina mjini. Kila ukoo ulikuwa na mwiko wake. Huyu hali chui, yule hali nyoka, yule wa tatu hali sokomutu, na mkwe wake kijiji cha pili anamla na kulamba vidole. Hakuna aliyekusudia kuhifadhi msitu. Walakini kwa namna ile kila mnyama alikuwa na nyumba kadha ambazo ndani yake hakuogopa sufuria.

Majirani zetu wa kaskazini, Walega, walikuwa na desturi kali kupita hizo. Kakakuona, yule mnyama wa magamba ajikunjaye kama mpira, kwao ni mnyama mtakatifu wa chama chao cha bwami. Kumwua kulikatazwa. Akionekana amekufa, nyama yake haikuwa ya mtu aliyemwokota, bali iligawanywa na wakubwa wa bwami kwa taratibu na sherehe. Ni nani atakayetega mtego usiku kucha kwa ajili ya nyama ambayo itamletea mashitaka na wageni wengi?

Yafaa tutaje pia ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi Kasongo tangu zamani za watu wa pwani. Wao hawali makako wala nguruwe wa porini, na mnyama aliyekutwa amekufa mtegoni kwao ni nyamafu, hawamgusi. Mboloko wanamla, maadamu amechinjwa kwa sheria. Kwa hiyo makako alipata amani katika mtaa wa Waislamu, naye hakuna bwana pori aliyemlinda vile.

Sasa tuje kwa tembo. Livingstone alikuta kwamba watu wa Manyema huua tembo kwa ajili ya nyama, na pembe huziacha zioze msituni mahali pale mnyama alipoanguka. Habari hii ilipofika Ujiji na Unguja, watu walikimbilia Manyema kama wakimbiliavyo dhahabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi sote twamwita Tippu Tip, akafanya Kasongo kuwa mji wake, na Stanley alipopita nchi hii mwaka 1876 alimkuta akiwa mtu mwenye nguvu kupita wote. Pembe zilibebwa mabegani mwa watumwa mpaka pwani, kisha zikaenda Ulaya na Marekani kuwa vishikio vya visu, mipira ya mchezo wa biliadi, na vibao vya piano. Hatujui ni tembo wangapi wa Luama na Lualaba wanaolia mpaka leo katika piano za watu wasiojua jina la Kasongo.

Vita vya Wabelgiji na Waarabu havikuleta raha kwa tembo. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka ule ule, na Kabambare Januari 1894. Bendera ilibadilika. Pembe ziliendelea, ila sasa zilishuka kwa mto Kongo kuelekea Antwerp. Hapo ndipo twaona jambo la kuchekesha, kama si la kuhuzunisha. Tarehe 19 Mei 1900 wakubwa wa Ulaya walikutana London wakatia sahihi mapatano ya kulinda wanyama wa Afrika, na dola la mfalme Leopold lilikuwamo. Humo iliandikwa kwamba gorila na sokomutu wasiuawe, na kwamba pembe za tembo mdogo zenye uzito chini ya kilo 5 zisiuzwe. Mapatano yale hayakupata kutekelezwa kama yalivyoandikwa. Na wakati huo huo watu wa Kongo walikuwa wakilazimishwa kwa kiboko kuleta mpira na pembe. Aliyeandika kwamba sokomutu asiuawe hakuandika kwamba Mkongo asipigwe.

Tusiwe wepesi kusahau jambo hili, maana ndilo mzizi wa maneno tunayoyasikia mpaka leo vijijini, ya kwamba ulinzi wa wanyama ni kazi ya Wazungu. Mwaka 1925 likaanzishwa Pori la Albert huko Kivu, la kwanza la namna yake katika Afrika yote. Mwaka 1937 ikatoka amri kubwa ya uwindaji kwa Kongo nzima, na mtu akatakiwa awe na hati ya kuwinda. Bwana mwenye fedha na bunduki alinunua hati, akampiga tembo, akapigwa picha mguu juu ya kichwa chake. Mwanakijiji aliyekamatwa na nyama ya tembo yule yule katika kapu bila hati alilipa faini. Ni nani angependa sheria ya namna hiyo?

Nasi watu wa misioni hatukukaa pembeni. Mapadri walipofika Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, makatekista wa kwanza wakaenda vijijini na kupigana na uchawi na hofu, na hiyo ilikuwa kazi njema. Mtu aliyeogopa kula kuku kwa sababu ya mzimu wa shangazi alifunguliwa kweli. Lakini hatukuchagua. Tulizoa miiko yote kwa ufagio mmoja, ile iliyowanyima wanawake wajawazito mayai, na ile iliyomwachia sokomutu mlima wake. Huu ni mchango wetu katika habari hii. Ni mdogo ukiupima na bunduki, lakini ni wetu.

Maana kwa kweli bunduki ndizo zilizomaliza. Wazee wanatuambia kwamba zamani waliwinda kwa nyavu na mbwa, watu wengi pamoja, wakagawana, wakapumzika siku nyingi. Kisha zikaja bunduki za baruti, kisha mitego ya waya. Waya hauozi kama kamba ya mti. Mwenye mtego akiugua au akihama, mtego wake huendelea kuua mwaka mzima, na nyama huoza bila faida kwa mtu yeyote. Baadaye zikaja vita. Tangu mwaka 1996 silaha za vita zimejaa katika misitu ya mashariki, na mtu mwenye njaa na bunduki ya risasi nyingi haulizi ukoo wake unakula nini. Walikimbilia msituni askari, waasi, na raia waliokimbia wote wawili. Wote walikula kilichopatikana, na sisi hatuwezi kumhukumu mama aliyewalisha watoto wake makako katika siku zile. Halafu yakaja machimbo. Huko Namoya, karibu na Salamabila katika teritwari ya Kabambare, dhahabu imekusanya watu wengi mahali ambapo ng'ombe ni wachache na samaki hutoka mbali. Mchimbaji akipata fedha anataka nyama, na mwindaji anajua njia ya machimboni kuliko njia ya kanisani.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipoingia. Mababu waliwinda wale. Siku hizi watu wanawinda wauze. Tumbo la jamaa moja lina mwisho. Soko halina.

Tena kuna hesabu ambayo hatukufundishwa shuleni, nayo ni rahisi. Simbiliki huzaa watoto kadha kwa mara moja, na huzaa tena upesi. Mboloko huzaa karibu kila mwaka. Lakini tembo hubeba mimba miezi 22, na kakakuona huzaa mtoto mmoja tu. Sokomutu wa kike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 13 hivi, kisha hukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa tena, kwa kuwa hubeba na kumlea mtoto wake muda mrefu. Mwindaji akiua sokomutu mmoja mwenye mtoto katika kila kiangazi, na jirani zake wakifanya vile vile, kundi haliwezi kujaza pengo. Si lazima mtu awe mkatili. Kazi ya kawaida tu yatosha.

Jinsi gani idadi inavyoshuka, tutatoa mfano wa gorila wa mashariki wa nyanda za chini, ambaye katika dunia yote yuko Kongo peke yake, na wengi wake wako Kivu na mipaka ya Maniema. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 1995 walikuwa karibu 16,900. Mwaka 2016 wakatoa hesabu ya 3,800. Baadaye, mwaka 2021, baada ya kuchunguza tena misitu mingi wakapata karibu 6,800. Hata ukichukua hesabu iliyo njema, kila watano, karibu watatu wamekwenda. Sisi tulizaliwa wakati huo huo ilipoanza kushuka.

Serikali zetu wenyewe nazo zimetunga sheria. Mwaka 1970 ziliundwa Pori la Kahuzi-Biega, Pori la Maiko na Pori la Salonga. Sheria ya uwindaji ilitoka tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya uhifadhi tarehe 11 Februari 2014. Sokomutu, gorila, tembo na kakakuona mkubwa ni wanyama ambao mtu haruhusiwi kuwaua wala kuwauza. Hata hivyo yapo makosa yaliyofanywa kwa jina la wanyama. Watwa waliokuwa wakiishi Kahuzi walifukuzwa katika ardhi yao bila fidia, na ilichukua mpaka mwaka 2024 ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipotangaza kwamba serikali ilivunja haki zao. Mtu akituambia kwamba watu wa mapori wanapenda nyani kuliko watu, hatuwezi kumjibu kwamba hana sababu.

Lakini ziko habari nyingine pia. Mwaka 2016 lilianzishwa Pori la Lomami, katika Maniema na Tshopo, lenye kilometa za mraba zaidi ya 8,800. Kabla ya hapo watafiti walikaa miaka mingi wakizungumza na vijiji, na katika kazi ile, mwaka 2007, walimwona makako mmoja aliyefugwa nyumbani kwa mtu huko Opala. Uso wake ulikuwa kama wa mzee mwenye mawazo. Hawakumjua. Wakauliza jina lake. Watu wakasema, «Huyu ni lesula,» kama mtu aulizwaye jina la kuku. Mwaka 2012 dunia ikatangaziwa kwamba amegunduliwa makako mpya. Wawindaji wa Lomami walicheka sana, na sisi pia tulicheka, maana walikuwa wamemla tangu babu zao. Walakini baada ya kucheka walifikiri: mnyama wetu, ambaye hayuko popote ila kwetu, amekaribia kwisha kabla hajaandikwa kitabuni.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa barua yake Laudato si' juu ya kutunza dunia, nyumba yetu sote. Padri wetu aliisoma kwa vipande siku za Jumapili. Tunakiri kwamba watu wengi walisinzia. Jambo lililowaamsha lilikuwa hofu, si barua: Ebola ilipokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya mwaka 2018 na 2020, na kisha mpox iliyoenea kutoka Kamituga mwaka 2023 na mwaka 2024. Akina mama waliuliza kama makako wa moshi ana hatari. Mpox ya Kamituga ilienea hasa kwa mtu kumgusa mtu, lakini magonjwa haya huweza kutoka kwa wanyama, na anayechinja na kukata nyama ndiye aliye karibu na damu. Kwa majuma kadha nyama ya makako ilikosa wanunuzi. Hofu ilipopungua, bei ikapanda tena. Kwa hiyo hatutegemei hofu.

Je, watu wale nini? Swali hili tunaulizwa kila mara tunapoanza kusema, nalo ni swali la haki. Kuku hufa kwa kideri kila kiangazi. Mbuzi ni mali ya mahari na ya kulipia masomo, hachinjwi ovyo. Samaki wa Lualaba huja ghali. Wengine katika parokia wamejaribu mabwawa ya samaki na simbiliki wa kufuga. Mabwawa mengine yamekauka, mengine yanalisha watu. Sisi wenyewe tuna nguruwe watatu. Mtu asiyekuwa na kitu cha kutia sufuriani hawezi kushibishwa kwa somo, wala hatuthubutu kumfundisha hivyo.

Katika kiangazi cha mwaka uliopita tulirudi kule ng'ambo ya Luama. Mzee yule alikuwa hai, macho yamepungua. Tulikaa naye barazani, tukamwomba radhi kwa neno tulilomwambia siku ya karamu. Kisha tukamsimulia yale aliyoandika Livingstone juu ya soko mwenye matundu masikioni. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, «Mzungu huyo aliandika hivyo kitabuni?» Tukajibu kwamba aliandika. Akasema, «Vema. Basi sasa ninyi mtaamini.»

Tukamwomba aje siku za Alhamisi katika mafundisho, awasimulie watoto majina ya wanyama na miiko ya kila ukoo, na mahali walipokuwa wakilala, na sauti zao. Alhamisi ya kwanza alikuja na kiti chake. Alianza kwa tembo, akaja kwa chui, na alipofika kwa sokomutu akaweka mikono mdomoni akalia kama yeye, hata mbwa wakabweka kijiji kizima na watoto wakamwomba arudie. Jua lilitua hatujagusa somo la Kipaimara, na Alhamisi iliyofuata ikawa vile vile.